Shajara ya kijitabu cha kusudi: Kiingereza kwa wasemaji wa Kiswahili, Nakivale

Februari 6

Tumeanza. Kijitabu kitakuwa chembamba, maelezo yote kwa Kiswahili, na kitafundisha jambo moja tu la sarufi ya Kiingereza: jinsi mtu anavyoeleza kusudi, yaani anafanya hiki ili kiwe nini. Kitatumika kwenye darasa letu la jioni hapa Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, na atakayekihitaji kwingine atapewa bure. Tupo walimu wawili, mimi na mwenzangu ambaye asubuhi anafundisha P7, yaani darasa la saba, katika shule ya msingi na jioni anaungana nami.

Watu wanatuuliza mbona tusitunge kitabu kizima cha sarufi. Wanafunzi wetu wengi ni watu wazima kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, na wachache kutoka Burundi. Makazi haya ya wakimbizi yapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na yamepokea watu wa lugha nyingi, lakini kwa hawa wetu Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni na bombani. Waliosoma walisoma kwa Kifaransa. Kiingereza wanakiokota haraka kuliko watu wanavyodhani: majina ya vitu, bei, salamu, kuelekezana njia. Wanakwama pale swali la kwa nini linapokuja. Na swali hilo linaulizwa kila mahali penye meza na karatasi: umekuja kufanya nini, cheti hiki unakitaka cha nini, kwenu uliondoka kwa sababu gani. Anayeshindwa kulijibu anaonekana hana hoja, kumbe hoja anayo, tena nzito, kwa lugha yake.

Sentensi iliyotusukuma tuanze ilitoka kwa mama mmoja muuza samaki alipokuwa akijizoeza kutoa maelezo yake: "I left my village so that they burned our house." Alitaka kusema aliondoka kwa sababu walichoma nyumba. Alivyoitamka, msikilizaji wa Kiingereza anaelewa kinyume chake: mama aliondoka kwanza, ndipo nyumba ikachomwa, kana kwamba kuondoka kwake ndiko kulikoleta moto. Matukio yamepinduka, na mtu anayesikiliza maelezo ya namna hii huanza kwa kupima nini kilitangulia nini. Sitaki mwanafunzi wetu yeyote aingie kwenye chumba cha mahojiano na sentensi iliyopinduka hivyo.

Februari 11

Ukurasa wa kwanza umepata sura. Unaanza na swali lenyewe, maana mkanganyiko unazaliwa hapo. "Kwa nini?" ya Kiswahili sanifu, "juu ya nini?" ya Wakongomani, "pourquoi" ya Kifaransa na "why" ya Kiingereza, zote zinakubali majibu ya aina mbili bila kukuambia ni ipi inayotakiwa. Mmoja anajibu kwa kilichompata, mwingine kwa anachokitaka. Kiingereza kinayatenga kwenye jibu: kilichokwisha kutokea kinachukua "because", kinachotarajiwa kinachukua "to" au "so that".

Kipimo tulichokiandika ni hiki: tendo la kwanza lilipoanza, hili la pili lilikuwa limeshatokea? Ikiwa ndiyo, ni "because". Ikiwa lilikuwa bado lakini mtu analitaka, hilo ndilo kusudi. "I went to the clinic because the child had a fever." Homa ilitangulia. "I went to the clinic to get medicine." Dawa ilikuwa bado.

Darasani tuliwapa kadi za Kiswahili kitupu wazigawe mafungu mawili. Walizigawa bila taabu. Kadi iliyoleta ubishi, tena ubishi mzuri, ni "Nimekuja kwa ajili ya mtoto." Mzee mmoja alisema mtoto yupo tayari, kwa hiyo hiyo ni sababu. Kijana akasema hapana mzee, amekuja ili mtoto apate kitu. Wote wawili wana haki, na Kiingereza nacho kinaacha "for the child" ikae katikati vivyo hivyo. Kadi hiyo tumeihamishia mwisho wa zoezi iwafikishe kwenye "for", ambayo ina sura yake.

Februari 20

Leo tumeamua mpangilio wa sura, na kwangu huu ndio uamuzi mkubwa wa mradi wote.

Vitabu vya mazoezi vinavyouzwa madukani vinapanga somo hili kwa viunganishi. Mwenzangu anaijua kazi hiyo vizuri kwa sababu ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Karatasi ya Kiingereza ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ina maswali mafupi 50 kwenye sehemu A, na miongoni mwake yapo yale ya kuandika sentensi upya kwa kufuata maelekezo: tumia "so that", tumia "in order to", tumia "so as to". Watoto wanazoezwa kugeuza. "He works hard because he wants to pass" inageuka "He works hard so that he can pass", na alama inapatikana. Zoezi hilo lina faida yake, maana mtoto anaona wazo moja linavyosemeka kwa namna kadhaa. Lakini linaanza na sentensi iliyotungwa na mtu mwingine, na neno la kutumia limeshachaguliwa. Kwenye maisha mtu anaanza na kusudi lake, sentensi hana, na hakuna wa kumwandikia pembeni atumie neno gani.

Sisi tunapanga kwa swali moja: tendo la pili linafanywa na nani?

Kiswahili kinatuuliza swali hili kutwa nzima na tunalijibu bila kufikiri. Nimekuja kukuona: anayekuja ni mimi na atakayeona ni mimi, kitenzi cha pili kinabaki na "ku". Nimekuja unione: anayekuja ni mimi, atakayeona ni wewe, kitenzi kinachukua kiambishi cha mtu wake na kuishia na "e". Mtoto wa Goma anayapanga hayo kabla hajaanza shule. Majirani zetu Wanyankore nao wanasema "naija kukureeba", kwa "ku" ileile, kwa hiyo hata watoto wa vijiji vinavyotuzunguka watalifuata somo.

Kiingereza kinagawa palepale. Mtenda mmoja: "I came to see you." Watenda wawili: "I came so that you could see me", au "I came for you to see me." Mtenda mmoja akitaka anaweza pia kutumia "so that", kama sisi tunavyoweza kusema ili nikuone. Watenda wawili ndio hawaingii kwenye "to" tupu, na hapo ndipo zinapotoka sentensi kama "I opened the window to the air come in" tunazozisahihisha kila jioni. Mgawanyo upo tayari kichwani mwa mwanafunzi. Kazi yetu ni kumwonyesha kila upande unavaa nini kwa Kiingereza.

Februari 21

Mzazi mmoja ametuambia kwamba shuleni kwa mwanawe Kiswahili kimepigwa marufuku kabisa, akataka kujua kama kijitabu chetu hakitamchanganya mtoto. Nimemjibu kwa kirefu kwa sababu hofu yake ni ya wazazi wengi. Katiba ya Uganda, tangu marekebisho ya 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliridhia kifundishwe shuleni kwa lazima. Mtaala wa madarasa ya chini ulioanza 2007 unataka P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, kwa kuwa mtoto analishika jipya kupitia lile analolijua. Naamini mtu mzima ni vivyo hivyo. Mwanafunzi anayeijua tofauti ya "kukuona" na "unione" ameshalijua somo kwa nusu, na ukimnyima Kiswahili unamnyima nusu hiyo. Mzazi ameomba nakala ya ukurasa wa kwanza amsomee mwanawe.

Machi 4

Hapa Kiswahili hakitusaidii, na tunakisema wazi kwenye kijitabu.

Nafungua dirisha hewa iingie. Nilifungua dirisha hewa iingie. Nitafungua dirisha hewa iingie. "Iingie" haitikisiki. Kiingereza kinadai kitenzi kisaidizi, na kisaidizi kinafuata wakati wa tendo la kwanza: "I am opening the window so that fresh air can come in", lakini "I opened the window so that fresh air could come in". Ukisimulia ya sasa au yajayo unachagua kati ya "can" na "will". Ukisimulia yaliyopita, "could" na "would".

Wanafunzi wanakiacha kisaidizi kwa sababu Kiswahili hakina neno la kukaa mahali pake. Kwa habari za sasa madhara ni madogo; Waingereza wenyewe husema "Speak up so that everyone hears you" na hakuna anayeshtuka. Kwa yaliyopita ndiyo hatari. "I opened the window so that the air came in" haisemi tena nia. Inasema matokeo: nilifungua, na kweli hewa ikaingia. Hiki ndicho kilichoigeuza ile sentensi ya nyumba iliyochomwa. Baada ya "so that", kitenzi cha wakati uliopita kisicho na kisaidizi kinasomwa kama jambo lililofuata na likatokea. Kwa maneno mengine, kazi inayofanywa na "-e" yetu, ile ya kumwambia msikilizaji kwamba jambo hili linatakwa na wala halijasimuliwa kuwa limetokea, kwa Kiingereza inafanywa na "could" na "would".

Tulikaa na sentensi moja ubaoni kwa muda mrefu: Mama alipika mapema ili watoto wale kabla ya giza. "Mother cooked early so that the children could eat before dark." Nikaifuta "could eat", nikaandika "ate", nikawauliza: sasa tunajua nini ambacho kwanza hatukukijua? Dada mmoja aliyekaa nyuma alijibu kwa Kiswahili, polepole: "Sasa tunajua walikula. Kwanza tulijua tu mama alitaka wale." Nimeliandika jibu lake kwenye kijitabu vilevile alivyolisema, kwa ruhusa yake.

Kwenye ukurasa huohuo kuna onyo fupi kuhusu "so that I can be able to", inayosikika Uganda nzima, redioni na kwenye hotuba. "Can" na "be able to" zinasema kitu kimoja. Moja inatosha.

Machi 12

Sura ya "for". Waliosoma Kifaransa wanakuja na "I came for see the doctor" na "I went to the market for to buy fish". Chanzo kinajulikana: "pour voir", "pour acheter". Kwa Kifaransa "pour" inatangulia kitenzi bila shida, na wanafunzi wanaipa "for" kazi hiyohiyo. Kiingereza cha leo hakikubali. Ukieleza kusudi la safari, "for" inachukua jina la kitu: "I went to the market for fish." "I came for my card." Ukitaka kitenzi, ni "to" peke yake: "I went to the market to buy fish."

Bwana mmoja mwinjilisti aliinua mkono. "Mwalimu, samahani, kwenye Biblia yangu ya Kiingereza ipo." Akafungua Mathayo sura ya 11, na kweli "for to see" imeandikwa pale. Biblia yake ni ile tafsiri ya 1611. Kiingereza cha zama hizo kilitumia "for to" mbele ya kitenzi kueleza kusudi. Baadaye matumizi hayo yalififia, na siku hizi yamebaki kwenye lahaja chache na nyimbo za kale. Swali lake limetupa kisanduku kidogo chini ya ukurasa, kwa sababu wengi hapa wanajifunza Kiingereza kanisani na watakutana na maneno hayo. Wayasome kwa amani, wasiyaandike kwenye mtihani wala kwenye barua.

Machi 19

Hii ndiyo sura ninayoipenda kuliko zote.

Tuliweka vitu mezani: sufuria, kikombe, kalamu, jembe, jerikani, kisu. Tukauliza kwa Kiswahili, hiki ni cha nini? Cha kupikia. Cha kunywea. Ya kuandikia. La kulimia. La kuchotea maji. Cha kukatia. Karibu kila mmoja alitumia kauli ya kutendea bila kuambiwa, ingawa baadhi ya wenzetu wa Kongo husema "ya kupika" na kuishia hapo. Sasa Kiingereza: "What is this for?" "It's for cooking." "It's for drinking." "It's for cutting bread." Tunapoeleza kazi ya kitu, si nia ya mtu fulani siku fulani, "for" inaruhusiwa kukaa na kitenzi, mradi kitenzi kiishie na "-ing". "A machine for grinding maize", mashine ya kusagia mahindi. Akiingia mtu mwenye nia yake, tunarudi kwenye "to": "He took the knife to cut the bread."

Kwa hiyo mwanafunzi ana alama ya kumwongoza ndani ya Kiswahili chake. Akijisikia anasema "cha kukatia", "ya kusagia", "pa kulalia", anaeleza kazi ya kitu, na "for" pamoja na "-ing" itamfaa.

Lakini Kiingereza kina njia ya pili ya kusema mambo haya, na huko ndiko tulikochimba zaidi. Nahitaji kiti cha kukalia: "I need a chair to sit on." Wanafunzi wote wanaandika "a chair to sit", wanakomea hapo. Tazama "kukalia" kwa karibu. Kukaa ni "kaa". Ile "li" inaunganisha kukaa na kiti. Kiingereza hakina cha kupachika ndani ya kitenzi, kwa hiyo uhusiano huo kinaubeba kwa kihusishi kinachobaki peke yake mwishoni: "sit on". Sufuria ya kupikia: "a pot to cook in". Nyumba ya kuishi, hata bila kauli ya kutendea, "a house to live in". Na mtu wa kuongea naye: "someone to talk to". Hiyo ya mwisho iliwafurahisha sana, kwa sababu hapo Kiswahili nacho kinaacha "naye" mwishoni, na waliona wazi kwamba "to" ya mwisho inafanya kazi ya "naye".

Binti mmoja akauliza swali lililotuchukua jioni yote iliyobaki. Kalamu ya kuandikia, karatasi ya kuandikia: Kiswahili kinatumia neno lilelile kwa zote mbili. Kiingereza kinasema "a pen to write with" lakini "paper to write on". Atajuaje? Jibu tulilolipata pamoja ni kurudi kwenye sentensi nzima. Ninaandika kwa kalamu: "I write with a pen." Ninaandika juu ya karatasi: "I write on paper." Kihusishi unachokihitaji mwishoni ni kilekile kilichokuwa mbele ya kitu kwenye sentensi nzima. Unakitoa kitu, unakipeleka mbele, kihusishi unakiacha kilipo. Wakaanza kujaribu wenyewe: mtu wa kufanya kazi naye, "someone to work with", kitu cha kufungulia chupa, "something to open the bottle with", mahali pa kulala, "a place to sleep". Hiyo ya mwisho ilizua tena mjadala, kwa sababu haina kihusishi, na ni kweli, Waingereza baada ya "place" mara nyingi hukiacha. Tumeiandika kama ilivyo.

Aprili 3

Mwenzangu amejaribu kadi za "nani anafanya" na darasa lake la P7. Kuandika upya walishajua. Safari hii aliwaomba watunge sentensi zao kutokana na yanayotokea nyumbani, na anasema karibu zote za watenda wawili zilikuja na "so that" pamoja na kisaidizi chake. Muhula unakaribia kwisha. Tutaendelea na watu wazima peke yao.

Aprili 9

Kukanusha. Nilikimbia ili nisichelewe. Wa Kifaransa wanaandika "for not be late", wengine "to not be late" au "not to be late". Kwa Kiingereza cha kuandika, kinachokaa vizuri ni "so as not to be late" au "in order not to be late". "Not to" peke yake inafaa baada ya maneno ya tahadhari na kujitahidi: "Be careful not to fall." "Try not to shout." Watenda wakiwa wawili tunarudi kwenye "so that": niliweka uzio mbuzi wasile maharage, "I put up a fence so that the goats would not eat the beans".

Kilichotusimamisha ni "isije". Beba mwavuli mvua isije ikanyesha. Mwanafunzi akaandika: "Carry an umbrella so that it does not rain." Kwa Kiingereza sentensi hii inasema mwavuli utaizuia mvua isinyeshe. "Isije" yetu inabeba mambo mawili, kuepusha na kujihadhari, na Kiingereza kinayaweka mbalimbali. Kipimo: tendo la kwanza linaweza kulizuia la pili? Mwavuli unazuia kulowa, kwa hiyo "so that you don't get wet". Mvua hauizuii, kwa hiyo "in case it rains". Na baada ya "in case" hatuweki "will", hata kama tunaongea ya kesho.

Tumechagua mifano ya "in case" kwa makini, kwa sababu ni maneno ambayo mtu anaambiwa na muuguzi au mwalimu wa mwanawe na anapaswa kuyaelewa hapohapo. "Keep this number in case the fever comes back." Asiyeijua "in case" anaweza kudhani namba hiyo inazuia homa, au kwamba homa lazima itarudi. Mama watatu wenye watoto wachanga waliomba sentensi hiyo iandikwe kwa herufi kubwa. Imeandikwa.

Mei 28

Muhula wa pili umeanza, darasa limejaa tena. Tumeongeza ukurasa ambao haukuwa kwenye mpango: "go and" na "come and".

"Go and fetch water", "Come and see" ni Kiingereza cha nyumbani, na kusudi limo ndani yake. Lakini ukiingia wakati uliopita, "and" na "to" zinaachana. "He went to buy medicine": alienda kununua dawa, kama alipata, hatujaambiwa. "He went and bought medicine": alienda akanunua dawa. "Ka" yetu na "and" yao zinasimulia jambo lililotimia. Zoezi hili limekwenda vizuri kuliko yote, maana hakuna Mswahili asiyejua tofauti ya alienda kununua na alienda akanunua. Mzee wetu mmoja aliniambia kwamba miaka yote amekuwa akisema "I went to report" kuhusu jambo ambalo kweli aliliripoti, na daima alishangaa kwa nini wanamuuliza tena, "And did you report?" Sasa anajua aseme "I went and reported it", au "I reported it" tu.

Juni 12

Ukurasa wa mwisho wa mafunzo, mfupi kwa makusudi: maneno ya barua na maneno ya mdomo. Mdomoni, "to" inatosha mara nyingi sana. "In order to" na "so as to" zinafaa barua, au pale "to" peke yake inapoweza kueleweka vibaya. "In order that" ni ya maandishi mazito. "Lest" utaikuta kwenye vitabu na kwenye mazoezi ya shule, ijue uisomapo, usilazimike kuitumia. "With a view to" inafuatwa na "-ing", na hapo wengi huteleza kwa kuona "to". "Such that" inatumiwa na watu wengi hapa Uganda mahali pa "so that". Kiingereza sanifu kinaiweka kwenye kueleza namna na matokeo, kwa hiyo kwenye kusudi tunashauri "so that".

Barua ya kuomba kazi inaanza na kusudi: "I am writing to apply for the position of..." Tumeweka barua moja nzima ya mfano, ya mtu anayeomba kazi ya ukarani dukani, na kila kusudi lililomo limepigiwa mstari.

Juni 24

Rasimu imesomwa yote darasani, sura kwa sura, na wanafunzi wamesahihisha Kiswahili chetu pale kilipokuwa cha vitabuni mno. "Kauli ya kutendea" imebaki, lakini pembeni yake tumeandika "ile -ia". Nakala ya kutolea fotokopi imepelekwa Mbarara, ambako bei ya kurasa nyingi ni nafuu. Rangi tumeziacha, michoro ya vitu vya mezani inaonekana vizuri kwa wino mweusi.

Ndugu zetu Wasomali wa hapa wengi hawasemi Kiswahili, na kijitabu hiki kimejengwa juu ya Kiswahili, kwa hiyo hakiwezi kutafsiriwa tu kikawafaa. Tumezungumza na mwalimu wao mmoja aanze kukusanya namna Kisomali kinavyoeleza kusudi, kazi yao ianzie kwenye lugha yao kama yetu ilivyoanzia kwenye yetu.

Toleo lijalo litaongezewa "too" na "enough": "too heavy to carry", "old enough to vote". Wanafunzi wenyewe wameziomba, na kadi za kwanza za Kiswahili, mzigo mzito usiobebeka na mtoto aliyefikia umri wa kutumwa dukani, zitajaribiwa darasani wiki ijayo.